Mia na Thelathini na Tano

Dukani kwa Jayanti, barabara ya Melton, Leicester,
lenzi kuukuu zimepangwa rafuni
kama bilauri za harusi iliyoahirishwa.
Jayanti ni mzaliwa wa Mwanza,
Kiswahili chake cha kaunta, cha kuuza na kudai.
"Unapiga nini, dada? Ndege? Mpira?"
"Nampiga shangazi yangu."
Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.

Shangazi Mwanakombo
miaka kumi na tisa anavusha watoto
mbele ya shule, kule Evington:
koti la manjano hadi magotini,
mtandio chini ya kofia,
mkononi fimbo ndefu yenye duara la kusimamisha magari.
Ijumaa anaikabidhi.

Ukimsogezea kamera
uso wake unafungwa kama duka saa ya sala,
sauti inavaa suti:
"Kwanza kabisa naishukuru Halmashauri ya Jiji…"
Huyo si yeye. Hiyo ni barua.

Yeye ni yule anayemfuta kamasi mtoto wa Kipolandi
kwa ncha ya glovu,
anayeitukana mvua kwa Kitanga, chini kwa chini,
anayesimamisha lori la tani kumi na nane
halafu anamwambia dereva, "Asante, mwanangu."

Ndiyo maana nataka lenzi ndefu, isiyovuta.
Za kuvuta ninazo; zimenifanya mvivu,
nasimama pamoja nikibadili nia.
Ya urefu mmoja haina mswalie Mtume:
unataka karibu? Tembea.

Themanini na tano ni nyepesi, tamu,
inalimeza giza la Desemba bila kutafuna.
Lakini nitakuwa pale pale puani pake,
naye atanipigia saluti.

Mia mbili, hiyo ndiyo Jayanti anaisukuma;
imemlalia tangu mwaka juzi, vumbi linasema.
Nikaijaribu dirishani.
Ng'ambo, juu ya duka la vito,
mwanamke anameza vidonge,
kimoja,
kimoja,
kisha anakitazama kiganja kitupu.
Niliona maji yakimshuka kooni.
Naye hajui.
Na picha ilikuwa inatetemeka, du-du-du,
moyo wangu mimi
ukimtikisa yeye chumbani mwake.
Nikaishusha kama aliyefungua mlango wa choo
akakuta mtu.

Kuona. Kuonea.
Herufi moja tu imejipenyeza.

"Na hii?"
Mia na thelathini na tano,
chuma kitupu, imenizidi umri,
pete ya fokasi nzito kama asali ya Tabora.
Nikaizungusha taratibu: haikupumua.
(Nyingine, ukisaka fokasi, fremu inapanuka na kusinyaa
kama kifua cha mgonjwa.
Kwenye picha mnato nani atajua?
Kwenye filamu, ukumbi mzima.)
"Ina kuvu, Jayanti."
"Vumbi hilo."
"Kuvu."
"Haya, toa sitini na tano, uende na kuvu yako."

Toka ukuta wa kinyozi hadi kivukoni
ni hatua ishirini na mbili.
Nilizihesabu jana nikijifanya nasubiri basi.
Kwa masafa yale uso na duara vitajaa,
magari ya nyuma yatamsogelea mgongoni,
maana lenzi ndefu huikunja barabara kama leso,
na bado, akiinua macho,
atajua ni mimi.

Usiku nikampigia, safari hii simu.
"Kesho nitakuwa kwa kinyozi, shangazi."
"Mbali hivyo? Kwani nanuka?"
"Ili unisahau."
Kimya. Birika likalia upande wake.
"Vaa soksi mbili," akasema.

Saa mbili na robo, barafu kwenye vioo vya magari.
Nilimpata kwenye ukungu, nikageuza pete,
kope zikaja, kisha chunusi ya kidevuni,
kisha yeye mzima.
Akaniona.
Akaligeuza duara kunielekea mimi
peke yangu, barabara tupu:
simama.
Nikasimama.

Halafu wakaja mapacha wenye viatu visivyofungwa,
akainama,
akanisahau.